Mfuko Ulioandikwa Sifuri

Yeyo,

Takwenya. Najua hakuna wa kuniitikia "Iko", lakini ulinifunza kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu, na sitaki uanze kunigombeza mapema.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, mama yangu. Bado niko Kitengela, kwenye nyumba yako. Boza la maji bado linakuja Alhamisi na bado linamwaga nusu ya maji getini. Ndugu yangu Saitoti alirudi kazini Namanga wiki ileile. Mimi naamka, nachemsha chai, natoa vikombe viwili, narudisha kimoja. Watu wakiniuliza niko aje nasema niko sawa, na si uongo. Sina uchungu. Sina kitu. Ni kama mguu uliokufa ganzi, unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi lolote. Sijalia hata siku moja, Yeyo. Kanisani akina mama walinitazama wakingoja, nikaona haya kama mtu aliyekuja sherehe ya watu mikono mitupu.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo sijakuambia. Ni kuhusu udongo wako.

Unalijua vizuri kuliko mimi, lakini acha nilipange kutoka mwanzo, maana nikilipanga ndipo naona mahali nilipokosea. Miaka kumi na minne ulipanda Mlima Kenya kila kiangazi, wewe fundi wa maabara wa chuo mwenye magoti mabovu na kofia ile ya sufu niliyokuwa naionea aibu. Kila mwaka ulipaka jiwe moja rangi nyekundu pale barafu ilipoishia. Ukirudi mwaka unaofuata, barafu imeshajikunja juu zaidi na jiwe limebaki peke yake kwenye changarawe. Unapaka lingine. Safari ya mwisho tulipanda pamoja. Tulichota udongo kando ya kila jiwe, mifuko kumi na minne, na kwenye kila mfuko uliandika idadi ya miaka tangu barafu iondoke hapo. Wa chini kabisa kumi na tatu. Wa juu, pale barafu ilipokuwa bado inatona maji, sifuri.

Nakumbuka nilikuuliza kwa nini tuteseke na baridi kwa ajili ya mchanga ambao hata nyasi haitaki. Ulikaa juu ya jiwe, ukafungua chupa ya chai, ukaniuliza kama nakumbuka lile boma la babu lililohamishwa, huko nyumbani Kajiado. Nikasema ndiyo, pale nyasi inakolea kuliko kote, kwa sababu ya samadi ya miaka mingi. Ukasema, "Sasa hapa hakuna ng'ombe aliwahi kulala. Nani analeta samadi?" Kisha ukanionyesha utando mweusi kwenye changarawe ya jiwe la miaka sita, mwembamba kama masizi ya sufuria. Ukasema hao ni vijidudu. Wengine wanavuta naitrojeni kutoka hewani, wengine wanalamba jiwe mpaka linaachilia fosforasi, wakifa wanaliwa na wenzao, na kila kitu kinazunguka hapohapo mpaka siku moja changarawani kunakuwa na chakula cha kutosha mmea mmoja. "Hawa ndio ng'ombe wa mlima," ulisema. Ulikuwa unacheka, na meno yako yalikuwa yanagongana.

Ulichotaka kujua ni nani anatangulia. Nani anafika mwaka wa kwanza kabisa, kabla ya wengine. Jibu lilikuwa kwenye mifuko ile, ikingoja zamu ya mashine chuoni. Hukutaka kuiweka kwenye friza ya watu wengi, ukaileta nyumbani ukaifukia chini ya njegere. Ulituambia mimi na Saitoti tusiiguse. Udongo ukiyeyuka, vijidudu wanaamka, wanakulana, na huwezi tena kujua walikuwa nani.

Halafu presha ikakuchukua Jumanne, ukiwa umekaa kwenye kiti unafunga viatu.

Yeyo, wiki ile nyumba ilijaa. Watu walileta sukari, mchele, viti, na ndugu zako wakachinja. Nyama ikawa nyingi na friza ni moja. Anti Nolari, dada yako mkubwa, ndiye aliyekuwa anasimamia jikoni, unavyomjua, hakuna sufuria inayopita bila ruhusa yake. Alipokuta mifuko chini ya njegere akamwuliza Saitoti, naye akamjibu bila hata kugeuka, "Hiyo ni soil ya Yeyo, ya mlima." Basi. Mimi nilikuwa nimeenda kuchapisha picha yako na ratiba ya mazishi. Sikuifungua friza hata mara moja wiki ile. Kama ningetafuta barafu tu ya kuweka kwenye maji, ningeona.

Niliona kaburini. Mchungaji aliposema udongo kwa udongo, Anti alitokea mbele na beseni la plastiki, lile la buluu la kufulia, na mifuko yako yote ilikuwa ndani, imeshakaa siku mbili nje ya friza. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Huyu dada yangu aliweka udongo kwa friza kama nyama. Kitu unaweka hivyo ni kitu unapenda. Hatutamfunika na hii murram tu." Akaanza kugawa. Akina mama walilia sana hapo. Hata mimi nilijua ni jambo zuri, na ndilo linalonisumbua, lilikuwa zuri kweli. Nikasoma nambari zikipita. Kumi na tatu kwa mjomba. Tisa kwa jirani yetu wa Kitengela. Sita, wenye utando mweusi, kwa Saitoti.

Ningeweza kusema, "Anti, ngoja." Ni maneno mawili. Udongo ulikuwa umeshayeyuka, ndiyo, lakini kilichobaki kingesaidia hata kwa vipimo vingine. Anti akafika kwangu na mfuko wa mwisho, sifuri, akaniambia nyosha mkono. Nikanyosha. Nikachota kidogo, ulikuwa baridi bado, au niliwaza hivyo. Nikautupa, Yeyo. Ulianguka juu ya sanduku kwa sauti ndogo kuliko ya wengine. Halafu tulienda kunawa kabla ya chakula, kama ilivyo desturi, na kile kilichokuwa kimebaki kwenye mistari ya kiganja changu kikaenda na maji ya jerikeni.

Udongo wa mwaka wa sifuri haupatikani mara mbili mahali pamoja. Lile jiwe sasa si la sifuri tena. Ulifanya kazi miaka kumi na minne na mimi nilisimama pale nikasaidia kuimwaga.

Wiki iliyopita Anti alikuja kutoka Kajiado. Alileta maziwa kwenye kibuyu, akalalamikia vumbi letu, akakagua jikoni. Kisha akatoa kwenye mkoba kitambaa kilichofungwa vizuri. Ndani kulikuwa na mifuko yako, mitupu, imekunjwa kama nguo za mtoto. "Niliosha na sabuni nikaanika," alisema. "Sikuweza kutupa. Si hii ni mkono ya mama yako?" Mwandiko wako ulikuwa haujafutika, ile kalamu yako ya maabara haisikii sabuni. Mmoja hakuwa ameuosha. Ulikuwa umefungwa fundo, na chini yake kuna udongo uliokauka, wa kujaa kijiko. "Hii ni yako. Siku ile ulichukua kadogo sana, nikaona nikuwekee."

Sifuri.

Akaniuliza kwani udongo ulikuwa wa nini. Nikamweleza, kwa mfano wa boma la babu, kama ulivyonieleza mimi. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini Anti amefuga maisha yake yote, hahitaji kuchorewa. Aliangalia friza, akaniangalia. "Kwa hivyo nilimwaga kazi yake."

Nilitaka kumwambia hapana. Nikasema, "Tulimwaga, Anti. Mimi niliona nambari na nikanyamaza."

Nilijikuta nimeinamisha kichwa mbele yake kama mtoto anayesalimia mkubwa, mimi mtu mzima wa shahada, naye akaweka mkono juu ya nywele zangu na kuuacha hapo. Ulikuwa na joto. Nasema hivyo kwa sababu kwa miezi minne sikuwa nimehisi joto wala baridi ya kitu chochote, na ule niliuhisi.

Alipoondoka nusu ya udongo ule niliifungia kwenye chupa ndani ya friza, nusu nikaiweka kwenye kisahani dirishani, nikainyunyizia maji ya kuchemsha yaliyopoa. Jana kulikuwa na doa la kijani, dogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Usifurahi haraka. Najua ungesema nini: mfuko umekaa kabatini Kajiado miezi yote hiyo, umepita mikononi mwa watu, na dirisha hili linapokea vumbi lote la barabara ya Namanga. Kijidudu huyu anaweza kuwa wa mlimani, anaweza kuwa wa hapahapa. Hilo si jibu na sijaliandika kwenye daftari lako. Lakini asubuhi naliangalia doa hilo kabla ya kuweka chai, na leo nilitoa kikombe kimoja tu.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Mwezi ujao mlima ukikauka napanda. Saitoti ameomba likizo ya kunibebea mizigo, usicheke. Nitatafuta barafu inapoishia sasa, kama bado ipo, na nitapaka jiwe. Mfuko wako wa sifuri nimeupeleka ukasafishwe maabara, nitaujaza pale. Jiwe lako la mwisho sasa lina mwaka mmoja, kwa hivyo litaingia kwenye mfuko ulioandika moja. La mwaka mmoja litaingia kwenye mbili. Nimehesabu mara tatu nikiwa mezani, Yeyo. Mwandiko wako unatosha mawe yote isipokuwa lile la kwanza kabisa ulilopaka, ambalo limeshavuka kumi na tatu na halina mfuko.

Huo wa kumi na nne nimeuandika mwenyewe leo. Nilipofika kwenye nne, hapo ndipo nililia.

Olesere, Yeyo. Friza nimeifunga kwa kufuli, na ufunguo mmoja nimempa Anti.

Mwanao,
Naserian