Kamba ya Mlango wa Bwawa

Midia, Koboko
3 Machi 2024

Kwa mtoto wangu Scovia,

Nakusalimia sana sana, na baada ya salamu nauliza hali yako huko Arua. Sisi huku tuko. Baba yako Jale iko salama, kikohozi imepungua. Bibi iko, ni macho tu inamsumbua. Dada yako Shakira iko, mtoto wake ameanza kusimama akishika sufuria. Baba mdogo Mogga anakusalimia. Afedra fundi mbao anakusalimia, anauliza kama huko chuo bado wanakufundisha kuhesabu maji. Hata ile mbuzi yako nyeupe iko. Mimi mwenyewe niko salama, ni mgongo tu.

Unakula? Usinidanganye.

Baba yako na Mogga wanachimba bwawa ya samaki pale chini, kwenye mpaka wa shamba zao. Kina ni mita moja, wamepima. Mlango ya kutolea maji ni mita moja kwenda juu, mita moja upana, bawaba iko chini, komeo ya chuma iko juu. Afedra anataka mbao nyembamba. Anasema bwawa ni dogo, maji kidogo itasukuma nini. Baba yako akasema mbele ya watu, "Ngoja msichana wangu ahesabu." Nilifurahi mpaka nikaunguza posho, ugali yote ikashika sufuria.

Andrew dereva analeta barua hii. Jibu upesi.

Mama yako

Arua
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa baba, bibi, Shakira na wote. Mimi mzima, na ninakula.

Mwambie mzee Afedra kwamba upana wa bwawa si kitu, kitu ni kina. Liwe bwawa au shimo la choo, kina kikiwa kimoja, msukumo kwenye mlango ni uleule. Juu maji yanagusa tu, chini ndiko yanakobana. Kwa mita moja, jumla yake ni kama kilo mia tano, magunia matano ya mahindi yameuegemea mlango. Ni kama yote yanasukuma mahali pamoja, theluthi ya kimo kutoka chini, na hapo ndipo yanapotaka kuuzungusha mlango kwenye bawaba yake. Mbao za inchi mbili zinatosha, na komeo nimelichora nyuma ya karatasi.

Lakini Mama, hesabu hii ni ya mita moja. Kina kikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, na nguvu ya kuuzungusha mlango mara nane. Wakibadilisha chochote, niandikie kabla mbao hazijakatwa.

Mwanao Scovia

Midia
26 Mei 2024

Scovia mtoto wangu,

Salamu. Bibi iko, Shakira iko na mtoto. Baba yako iko hospitali.

Mlango ya bwawa imevunjika Alhamisi. Komeo ilikatika, na baba yako alikuwa mbele anasafisha mfereji. Mbao ikampiga kiunoni, maji ikampeleka mpaka kwenye mihogo. Daktari anasema hatatembea tena.

Mogga alikuwa anaokota samaki kwenye majani, anasema, "Hii ndiyo hesabu ya binti yako. Tumshukuru mwalimu wake." Baba yako anataka uache chuo urudi kulima. Anasema mutu hawezi kusomea kuvunja baba yake. Wazee wa ukoo watakaa Jumamosi ya tarehe kumi na tano, waamue.

Usilie. Unakula?

Mama yako

Arua
1 Juni 2024

Mama,

Nawasalimu wote. Mpe baba pole yangu, kama anakubali kusikia jina langu.

Nimerudia hesabu mara saba. Nimempelekea mwalimu wangu, Bwana Andama. Amesema ni sahihi, kama kina ni kile mlichoniambia. Nilikasirika. Nilimjibu kwamba mama yangu hawezi kuniandikia kitu kisicho kweli.

Kwenye nguzo ya mlango maji lazima yameacha alama ya matope. Chukua kamba, pima kutoka bawaba mpaka kwenye alama, funga fundo, mpe Andrew. Ikiwa ni mita moja, kosa ni langu na chuo nitaacha mwenyewe. Ikiwa imezidi, kamba hiyo iwekwe mbele ya wazee.

Mwanao Scovia

Midia
12 Juni 2024

Scovia wangu,

Wote wako. Leo siwezi kuwataja mmoja mmoja.

Kamba iko ndani. Usihangaike kuipima, ni mita mbili.

Ilikuwa hivi. Walitaka samaki zaidi, Mogga akakataa bwawa ipanuke upande wake. Baba yako akashika jembe, na si ya kulima. Mimi nilikuwa naleta chai. Nikasema, "Si mchimbe chini? Maji ni ile ile." Baba yako akaweka jembe chini. Mogga akasema, "Kumbe shemeji ana akili." Miaka ishirini na mbili nimeolewa hapa, hiyo ndiyo siku walinisikiliza. Afedra akaongeza mbao juu, komeo ile ile. Barua yako niliwasomea pale pa mbao na komeo tu. Ile ya mara nane sikuwasomea hata siku ile. Niliogopa ugomvi itarudi. Nikajiambia watu wa shule wanazidisha.

Sasa baba yako iko nyumbani, mimi ndiye namgeuza kitandani. Nikisema, watanirudisha Ajia kwa ndugu zangu, na yeye nani atamgeuza? Wewe ni kijana, utapata kazi nyingine. Lakini ukisema niseme, nitasema. Niandikie kabla ya Jumamosi.

Mama yako

Midia
17 Juni 2024

Mtoto wangu,

Nakusalimia. Bibi iko. Shakira iko. Baba yako iko, anakula uji.

Ijumaa nilingoja gari ya Andrew tangu asubuhi. Akanipa bahasha yako. Ndani ni kamba tu, na fundo yake. Niliipasua bahasha nikaangalia mpaka kwenye pembe. Hakuna neno.

Jumamosi niliifunga kamba kiunoni, chini ya kitenge. Wazee wakauliza kama kuna mutu anajua kitu juu ya mlango ule. Mogga akaniangalia. "Mama Scovia, mtoto ni wako. Sema." Nikasimama. Nikasema chai iko tayari.

Wamekata shauri, chuo imekwisha. Baba yako anataka daftari zako zote ziletwe azione zikichomwa.

Mbuzi yako imezaa wawili. Kamba sijaifungua, inanikata nikiinama kumgeuza baba yako. Niandikie upesi, hata mstari moja, hata ukinitukana.

Mama yako