Jeraha la Kisogoni

Mutuka, 3 Juni 2024

Mwanangu Pantaleo,

Habari za kazi hapo hospitali? Huku hatuna hali. Simu yangu anayo baba yako mdogo Paskasi, ndiye anayepokea rambirambi, kwa hiyo barua hii nampa Mama Evelyne anayeuza nyanya sokoni akufikishie.

Mdogo wako Jovin tunamzika tarehe 6. Baba yako mdogo amesema, nami nasema, daktari asimpasue. Mtoto wangu amekatwa katikati ya mahindi yake, inatosha.

Halafu nasikia yule mchungaji, huyo Kulet aliyeingiza ng'ombe shambani akamwua ndugu yako, yuko wodini kwako na unamlisha uji kwa kijiko. Pantaleo! Watu walimpiga mpaka wakachoka, Mungu akamwachia pumzi kidogo, na wewe unamwongezea? Geuka upande mwingine tu. Sikuombi zaidi ya hapo.

Mama yako


Babati mjini, 4 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Umekula chochote tangu msiba? Mimi mzima wa mwili.

Ni kweli nampa uji. Jana, kabla ya uji, nilimwambia mimi ni kaka yake Jovin, nikasimama juu yake na mto mkononi nikitaka kumfunika uso. Ndipo akasema, "Ndugu yako alinilalia." Mikono yote imevunjika, taya limehama, anaongea kwa shida. Anasema walipomwangusha, Jovin alipiga kelele, "Mwacheni, tumpeleke kwa mtendaji!" Hawakusikia. Jovin akamlalia juu kumkinga, na panga lililokuwa linamshukia Kulet likampata yeye.

Sikumwamini. Nikaenda mochwari. Nisamehe kukuandikia haya: jeraha liko kisogoni, refu, limefika mfupa. Kulet alikuwa na fimbo, Mama. Fimbo haikati. Nikamwuliza panga lilikuwa la nani, akasema la mzee mwenye jicho moja. Mutuka nzima tunamjua mwenye jicho moja.

Daktari anataka kumchunguza Jovin. Polisi wanaweza kuamuru, lakini wanaogopa fujo za ndugu, wanangoja neno lako. Sema ndiyo.

Mwanao, Pantaleo


Mutuka, 4 Juni 2024, jioni

Pantaleo,

Salamu ninazo, lakini leo sikupi.

Baba yako alipokufa nani alikulipia ada? Nani aliuza dume lake ili uvae hilo gwanda jeupe? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu ni damu yako. Leo unamwita baba yako mdogo mwuaji kwa maneno ya mtu aliyelisha ng'ombe mahindi yetu.

Mimi jambo la nyumba sifichi. Mkubwa wa ukoo akiwepo, linawekwa mbele yake, ndivyo nilivyolelewa. Nimempa barua yako akaisoma yote. Amevaa koti, ameita vijana, wamepanda pikipiki kuja mjini. Nadhani anakuja mzungumze. Msikilize.

Mama yako


Babati mjini, 5 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Walikuja. Mlinzi walimpasua kichwa getini. Mimi niliegemea mlango wa wodi mpaka bawaba zikang'oka. Walimburuta Kulet kwa mikono ileile iliyovunjika, akawa anamwita mama yake, Seleyian, Seleyian, na wagonjwa wengine wakijificha chini ya vitanda. Baba mdogo alinipiga mdomoni kwa chuma cha kutundikia dripu, kisha mguuni. Nikiwa chini nilimwona akimkanyaga Kulet shingoni mpaka miguu ikatulia. Aliniinamia akauliza, "Sasa nani atasema?"

Nimemtaja kwa polisi nikiwa nimelazwa hapa wodini. Wameandika "wananchi wenye hasira kali". Afande ameniuliza kama sioni aibu kumfunga mfiwa. Na vijana wanatamba kwamba wakitoka makaburini wanakwenda kuchoma maboma ya akina Kulet, watoto humohumo. Wanasema wanalipa damu ya Jovin.

Aliyebaki wa kusema ni Jovin mwenyewe. Akifukiwa kesho, basi.

Nina hasira na wewe, Mama. Ulimpa barua.

Mwanao


Hospitali, 6 Juni 2024

Mwanangu,

Mdomo unaendeleaje? Unaweza kumeza?

Asubuhi tulikuja na jeneza, vijana na mapanga yao ndani ya gari la msiba, nami kati yao. Tulipofika mochwari nilishuka wa kwanza, nikasimama mlangoni nikasema mwanangu hatoki mpaka daktari amwone. Baba yako mdogo akauliza nani ameruhusu. Nikasema mimi. Akanizaba kofi mbele ya katekista. Nikasema tena, mimi. Akaniangusha, akanipiga mateke ya mbavu, na nilipowaambia vijana waingie wenyewe wakaangalie kisogo cha mwenzao, akachomoa panga. Hapo ndipo walipomkamata, walewale vijana wake. Polisi wanaye.

Daktari yuko ndani na Jovin sasa hivi.

Mimi nipo kwenye benchi hapa nje. Mama wa Kulet amekuja kumchukua mwanawe, tumekaa pamoja. Kiswahili chake kidogo. Ameonyesha mlango akauliza, "Wako?" Nikasema wangu. Akanipa nusu ya shuka lake nijifunike. Hajui kwamba barua iliyomleta Paskasi hapa niliitoa mimi.

Lazima nimwambie, Pantaleo, na siwezi peke yangu. Askari ananikatalia kuja wodini, eti saa ya kuona wagonjwa bado, ndiyo maana nakuandikia. Njoo, hata kwa kujikokota.

Mama yako