Sekunde nne za Babu Kobe

Mwenzangu, uko? Nimeharibu.

Unaukumbuka ule utani wa Babu Kobe kwenye katuni yetu: anafungua kabati, anasimama kimya, kisha anauliza, "Nilifuata nini vile?" Mwaka mzima mashabiki tunabishana juu ya maana yake.

Mimi nikaupima kwa saa. Msimu wa kwanza ananyamaza sekunde moja. Msimu huu, nne. Jana nikaandika kwenye ukurasa wetu kwamba huo si utani, mzee anayemwigiza sauti ameanza kusahau kweli. Nikaweka na jedwali! Nikajiona bingwa.

Leo mkewe kanipigia. Mkewe!

"Mwanangu, nani kakwambia? Majibu ya daktari tunayo mimi na wanangu tu. Yeye hatujamwambia. Futa kabla hajasoma, nakuomba."

Hatujamwambia. Kalirudia hilo mara mbili, halafu akakata.

Nimefuta. Lakini nilipokuwa nafuta nikaona chini yake maoni mapya, ya mzee mwenyewe: "Sekunde nne? Mimi nilidhani ni moja."

Nimeyarudia kichwani mara ishirini. Saa ninayo, jedwali ninalo. Mwenzangu, anatania?