Kwa Bi Mwanaidi, Kati ya Ndege Mbili

Jumapili, 8 Juni
Sare mbili bado vifungo. Nimeshona toka asubuhi, mgongo hauna kauli. Cherehani inalia kwa kukosa mafuta na mimi nalia nayo.

Tiketi imeingia kwenye simu. Natoka Pemba Jumanne. Nashushwa Tanga saa tatu asubuhi, naondoka na ndege nyingine ya Dar saa sita. Mwanangu Asya anapasuliwa kujifungua Jumatano alfajiri. Hakuna cha kulala njiani.

Tanga sijaikanyaga maisha yangu. Lakini Bi Mwanaidi yuko huko.

Jumatatu, 9 Juni
Niandike vizuri, nisije nikajidanganya.

Mama aliponizaa alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Bi Mwanaidi, mke wa mpangaji wetu wa chumba cha uani, ndiye aliyeninyonyesha. Mwaka na miezi. Kisha kazi ya mumewe ikaisha, wakarudi kwao Tanga. Simkumbuki hata kivuli.

Mama alifariki mwaka juzi. Alinihusia: ukipata njia, kamshukuru kwa mdomo wako, si kwa simu. Njia zilikuwepo. Mimi nilikuwa na sare za watu. Huo ndio ukweli, na unaniaibisha.

Leo nimempigia Rukia, binti yake. Anapika kwenye shule moja Raskazone, wanakaa nyumba za wafanyakazi nyuma ya shule. Anasema Bi haoni tena, na siku nyingine anasahau hata alichokula. Nikikosa safari hii huenda akabaki mtu asiyenijua.

Rukia kanambia, "Dada, kaa hapohapo uwanjani, sisi tutakufuata." Nikaitikia. Moyoni nikakataa. Bibi wa miaka themanini na ushee apakiwe bajaji anifuate mimi? Mtoto ndiye amwendeaye mama. Sikumwambia. Ningemwambia angebisha.

Jumanne, 10 Juni, saa nne kasorobo
Raskazone. Mlango umefungwa.

Nimeshuka kwenye ndege, bajaji ya kwanza, mbio mpaka hapa. Mke wa mlinzi, Mama Neema, mtu wa Lushoto, kanipokea kwa mikono yote miwili na habari mbaya. Wametoka sasa hivi kwenda kunipokea. Bi kaoga toka alfajiri, kakaa mlangoni na kanga mpya. Rukia alipotaka kwenda peke yake akamwambia mgeni wake hapokelewi na nusu ya nyumba.

Tumepishana njiani. Nampigia Rukia, simu inalia humo ndani, kwenye chaji.

Nimemwachia Mama Neema halua na namba yangu. Kanisukumia chai, nimeinywa nimesimama. Imeniunguza ulimi. Narudi.

Saa nne na nusu
Uwanjani. Hawapo.

Mlinzi wa getini anasema walifika. Alipowaambia mgeni mwenye begi la buluu amepanda bajaji kwenda mjini, bibi akageuza hapohapo. Eti mgeni wake hawezi kukuta mlango umefungwa.

Nimekaa kwenye benchi. Nataka kucheka, nataka kupiga mtu. Heshima zetu hizi zitatuua. Kila mmoja anamwahi mwenzake, na saa moja na zaidi imekwenda. Mlango wa abiria unafungwa saa tano na nusu.

Saa tano kasoro kumi
Mama Neema amepiga. Wako naye. Rukia kachukua simu, pumzi juu: "Tunakuja. Dada, ukinyanyuka hapo nakufunga kamba." Nimemwambia sinyanyuki. Kukaa tu ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya leo. Miguu inataka barabara.

Jumanne hiyohiyo, alasiri, Dar
Walifika saa tano na dakika tano. Bi mfupi, mwembamba, kashikwa mkono na Rukia. Nilikuwa na hotuba, nimeifanyia mazoezi wiki nzima. Yote ilipotea. Nilipiga magoti nikasema shikamoo, basi, machozi.

Alinipapasa uso kwanza, masikio, shingo. Akaninusa utosini kama anuswavyo mtoto mchanga. Ndipo akasema marahaba.

Nilimwambia nimekuja kumshukuru kwa maziwa yake. Akanikatiza. Leo hakusahau kitu, kila neno lilikuwa mahali pake. Akasema:

"Usinishukuru mimi. Nilikuwa na wangu, Saumu. Arobaini hakuifikisha. Maziwa yakabaki yananijaa, yanalowesha nguo, hayana mwenyewe. Wanawake walimwambia mama yako asimpe mfiwa mtoto wake, nitamtia nuksi. Mama yako hakuwasikiliza. Alikuja na homa yake, anajikokota na ukuta, akakuweka hapa. Wewe ndiye uliyeniponya."

Akanionyesha kifuani, hapo mama aliponiweka.

Sikuwa najua. Mama hakuwahi kunambia. Miaka yote nilidhani nilimegewa na mtoto mwenye kushiba. Rukia alikuwa anatazama chini, yeye alijua. Nimeona haya, kisha nikajiona nimependwa, yote kwa pamoja, kwenye benchi, watu wanapita na masanduku.

Nilimshika mkono tu. Walipoita abiria mara ya pili nilishindwa kumwachia. Aliniachia yeye, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Nenda, na wewe mwanao anakungoja."

Dakika ishirini na tano. Nimezipata zote.

Jumatano, 11 Juni
Msichana. Kilo tatu. Asya yu mzima, alhamdulillah. Nimechoka mno, siandiki zaidi.

Ijumaa, 13 Juni
Nyumbani kwa Asya. Mtoto amelala, mama yake amelala. Jina wameshachagua upande wa baba, zuri, nimelikubali na sikutia neno.

Baada ya sala nimewasomea Fatiha wafu wangu kama kila Ijumaa. Baba. Mama, huyu nimekaa naye sana leo. Kaka Hamadi. Kisha nikamwongeza dada yangu Saumu. Ni mara ya kwanza namtaja. Nimemchelewesha miaka hamsini na nne.

Asya ameamka. Anataka uji.