Taa Nilizong'oa kwenye Boti

Makole, Jumanne usiku

Zinawaka. Zote mbili! Nimeziunganisha kwenye betri ya gari hapa uani zikawaka vizuri kabisa, zile taa za chini ya maji nilizong'oa leo kwenye boti kule Mtera, bwawani.

Nilikasirika. Nahodha wa boti, Kaka Yohana, aliniambia zimekufa, nami mjinga sikuzipima, nikafunga mpya na waya mpya. Nikampigia simu.

"Kaka, taa zako nzima hizi."

"Najua, fundi. Nilichomoa waya mwenyewe, nyuma ya swichi. Mdogo wangu alipozama tulimtafuta usiku kucha. Taa hizo ndizo zilizonionyesha alipolala. Tangu hapo zikiwaka namwona palepale. Nikamwambia tajiri, mwenye boti, zimekufa, nikidhani yameisha. Kumbe akaagiza nyingine."

Nikasema pole.

Zile mpya nimezikaza kwa gundi isiyoachia. Asubuhi, nikiwa nazifunga, alisimama pembeni akaniuliza kama zitamulika hadi chini.

Nami nikajisifu. "Hizi? Utaona mpaka matope, kaka."