Majibu ya Revelian Aliyehama

Revelian, tangazo rasmi: Mheshimiwa Jabiri, Mlinzi Mkuu wa Majibu, kaumbuka.

Madamu Tupokigwe alimpa kazi ya kunakili majibu yetu ya mtihani wa kompyuta kwenye diski, umeme ukikatika yasipotee.

Leo ukakatika kweli! Uliporudi, Madamu akafungua diski mbele ya darasa. Majibu yote yapo. Na yako.

YAKO! Wewe uliyehamia Tabata tangu Januari!

Akasoma kwa sauti: "Swali la tatu. Jibu: Jabiri, acha kunichungulia."

Darasa zima likacheka. Mheshimiwa hakucheka.

"Huu ni udanganyifu, Jabiri. Utafukuzwa! Nani kaandika?"

"Mie, Madamu. Kiti chake kiko wazi pembeni yangu. Nikawa namfanyia mtihani, nijione tuko wawili."