Nyumba ya Mtaa wa Alma Haivunjwi

14 Mtaa wa Alma,
Thornshaw,
Lancashire.
9 Machi, 1971

Mpendwa mjukuu wangu Clifford,

Huna haya! Unaota jua huko Adelaide, kisha unaniandikia eti utatia sahihi karatasi ya halmashauri nyumba yetu ivunjwe, mimi nikaning'inie ghorofa ya tisa kama nguo kwenye kamba. Baba yako alikuachia nusu ya nyumba uilinde, hakukuachia uizike.

Haya, hujambo lakini? Watoto wazima? Mimi goti linanisumbua, masikio ndiyo yale yale, na kizingiti bado nakisugua kwa jiwe kila Ijumaa mpaka kinang'aa.

Sasa sikia. Jumatano walituita ukumbini. Bwana mmoja wa halmashauri akasema safu yetu yote imeoza kwa unyevu, wamekagua nyumba kwa nyumba. Wamekagua lini? Kiatu cha mgeni kikikanyaga kizingiti changu nitakosa kuona alama?

Akaketi, akamnong'oneza mwenzake. Alituona vikongwe viziwi tuliokaa nyuma kabisa. Hajui kwamba miaka thelathini na minane nimefuma pamba katikati ya mitambo inayonguruma. Kule hakuna anayesikia. Tunasema kwa midomo, tunasoma midomo. Doris Kershaw, jirani yangu wa mtambo na wa ukuta, akanigeukia bila sauti: "Alice, umeona alichosema?"

"Nimeona, mwenzangu. Ngoja."

Nikasimama. "Bwana mdogo, umemwambia mwenzako hamjaingia hata nyumba moja, mmepita na gari tu. Na umesema vibibi hivi vitachoka, virudi kunywa chai. Chai tumeshakunywa!"

Akawa mwekundu hadi masikioni. Wafumaji wenzangu wakainuka mmoja mmoja: "Hata mimi nimeona." "Na mimi!" Mwisho akakiri. Clifford, nilitamani babu yako awepo.

Mwenye kiwanda cha pamba aliyeijenga safu hii alipanga matofali tu. Nyumba tumezifanya sisi.

Basi watakuja kukagua tarehe 30, safari hii mlango kwa mlango. Lakini pingamizi langu halipokelewi bila sahihi yako.

Msalimie mkeo Maureen, na Keith mwambie aache kunyonya kidole. Doris anakusalimu, ingawa kwa shingo upande. Mungu akulinde, hata wiki hii ambayo hustahili.

Bibi yako akupendaye, hasira na yote,
Alice Ormerod

Karatasi ya kupinga imo humu. Itie sahihi, ubandike stempu ya barua ya ndege, uipeleke posta leo hii kabla hujavua kofia.